Betri Mbele, Mkwe Nyuma

Ile mota ya umeme ya mtumbwi wa baba mkwe wangu, ufukwe mzima wa Matema uliiita feni. Na ukiitazama ilikuwa feni kweli: bomba refu, kichwa chenye mshikio wa kuelekeza huku na huku, na chini kabisa mapanga mawili ya plastiki. Tofauti ni kwamba feni ya kawaida ukiiwasha inazunguka.

Mume wangu aliinunua Tunduma, kwenye vitu vya mitumba, akarudi nayo nyumbani kwetu Mbalizi ameikumbatia kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Mume wangu ni mhasibu. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Nasema kwa sababu yatakayofuata yanahitaji maelezo. Nia yake ilikuwa njema. Bega la baba yake lilikuwa limeharibika na kasia halishikiki tena, na kule ng'ambo ya ghuba, kwenye kijiji cha wafinyanzi ambako barabara haifiki kwa kuwa milima inashuka moja kwa moja majini, alikuwa akiishi dada yake wa pekee. Dada huyo, ambaye sisi tulimwita shangazi, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, hatoki. Kila wiki tangu niolewe, baba mkwe alikuwa anavuka kwenda kumwona. Wanakula ndizi, wanagombana kidogo, anarudi.

Sasa bega limekataa. Boti ya abiria ipo, lakini inakwenda siku ya soko tu, na inapakia vyungu kwanza, watu baadaye. Kuomba kijana ampigie kasia hakutaka kusikia. Alisema hatapelekwa kwa dada yake kama gunia la mchele. Ndiyo ikaja feni.

Hapo ndipo mila inapoingia. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawapendani, hawaonani. Akipita unampisha, unageuza uso, unajifunika kanga. Huketi alipoketi, husemi naye, hutaji jina lake. Siku hizi wengi wameacha. Kwa majirani zetu wakwe wanatumiana vocha na kuchekeana nje ya kanisa. Baba mkwe wangu hakuacha. Mimi ni Mhehe, na kwetu Iringa mkwe anaheshimiwa pia, lakini mtu unaruhusiwa angalau kumsalimu, kumwambia kamwene. Huku niliishi na mzee ambaye kwa miaka yote ya ndoa nilimfahamu kwa kikohozi na kisogo.

Kilichoharibu mpango ni kwamba katika ukoo wote ule, mtu pekee aliyejua betri nilikuwa mimi. Marehemu baba yangu alikuwa anachaji betri za watu pale Iringa mjini. Nimekua nikimimina maji ya betri kabla sijajua kupika ugali, na mikono ya baba ilinuka asidi hata siku ya Chakula cha Bwana. Kwa hiyo feni ilipogoma mara ya kwanza, tukiwa kijijini kwa Krismasi, macho yote yaligeukia kwangu, isipokuwa ya baba mkwe, ambayo yaligeukia ziwani.

Ulikuwa ugonjwa mdogo. Wakati huo betri ilikaa mahali pake: nyuma, chini ya kiti cha baba mkwe, karibu na mota, imeungwa na waya mfupi mnene uliotoka na mota kiwandani. Nikiwa nimejificha nyuma ya migomba niliona kwa mbali kwamba vichwa vya betri vimeota unga mweupe. Maji ya moto, brashi, kazi imekwisha. Lakini kiti cha baba mkwe hakiguswi na mke wa mwanawe, hata mwenyewe akiwa amelala chumbani. Tukamtuma mama mkwe. Akaisugua betri kama sufuria, mbele, nyuma, ubavuni, ikang'aa kuliko ilivyotoka dukani. Vile vichwa viwili hakuvigusa, aliogopa shoti.

Baba mkwe ni muungwana. Alisikia ninavyohangaika kwenye migomba, akatoa uamuzi kupitia kwa mama: betri ihamie mbele kabisa, kwenye ncha ya mtumbwi, mahali ambapo yeye haketi, ili mke wa mwanawe awe anaikagua bila kuvunja adabu. Familia nzima ikasifu. Nami nilisifu, nani angekataa heshima ya namna hiyo? Nikavisafisha vile vichwa mwenyewe, na mume wangu ndiye aliyerefusha waya. Alichukua kipande kilichobaki tulipofunga taa za uani, akaunga, akazungushia tepu nyeusi mpaka pale pakavimba, akapiga picha akaitupia kwenye kundi la familia. Watu wakamwekea vidole gumba.

Tangu siku hiyo feni ilifanya kazi vizuri sana mahali popote ilipokuwa haihitajiki. Mtumbwi ukiwa mchangani, mapanga yako hewani, ilizunguka mpaka kuku wakakimbia. Ukiusukuma majini, inaanza kwa kishindo, inafika katikati ya ghuba, halafu inapungua, inapungua, mpaka mapanga yanazunguka kwa kumridhisha tu mwenye chombo. Mzee anaizima, anangoja, anawasha. Inakwenda kidogo, inachoka tena. Mara nyingine upepo unamrudisha alikotoka. Mara moja alivutwa kwa kamba na wavuvi wa dagaa, ambao walimtendea ukarimu huo huku wakicheka wazi wazi.

Kila nilipokwenda kijijini nilikuta ripoti ikiningoja. Baba mkwe alikuwa anasimama upande mmoja wa jiko, mimi upande wa pili, mama mkwe katikati. Ukuta wa jiko lile ni wa mabanzi na tunasikiana vizuri kabisa, lakini utaratibu ni utaratibu.

"Mwambie mke wa mwanao, feni imelala tena."

"Anasema feni imelala tena," ananiambia mama mkwe.

"Nimesikia, mama. Muulize, imelala ghafla au polepole?"

"Anauliza, umeilaza ghafla au polepole?"

"Mimi sikuilaza!"

"Anasema yeye hakuilaza."

Kwa njia hiyo tulitafuta ugonjwa miezi kadhaa. Nilibadilisha fyuzi. Niliongeza maji ya betri. Nilitoa kamba ya nyavu iliyojisokota kwenye mapanga na nikajipongeza kwamba nimemaliza, kumbe sijamaliza. Nililaumu paneli ya sola juu ya bati, nikalaumu jirani aliyekuja kuchajia simu kwenye ile sola, naye hajanisamehe mpaka leo. Mume wangu akiwa ofisini Mbeya alinitumia video za Mzungu mmoja mwenye kofia, ndani ya boti yenye zulia, ambaye betri yake inakaa kwenye sanduku lake lenye kufuli. Nilimjibu kwamba nikipata zulia nitamwarifu.

Na kila nilipoipima betri pale mchangani, mita ilisema volti kumi na mbili na ushee. Betri nzima kabisa.

"Mwambie hakuna ugonjwa," nilimwambia mama mkwe, nikiwa nimeshakasirika.

"Anasema hakuna ugonjwa."

Upande wa pili wa jiko kikaja kikohozi. "Mwambie basi litakuwa ziwa ndilo linaumwa."

Pasaka ile nilikwenda kijijini peke yangu, mume wangu akabaki na mahesabu ya ofisi. Jumatatu asubuhi mwanamke mmoja muuza vyungu alipita nyumbani na ujumbe kutoka ng'ambo: shangazi ameacha kula, na anamuulizia kaka yake. Soko lilikuwa limeshapita, boti ya abiria hakuna mpaka wiki nyingine. Baba mkwe hakuuliza la pili. Alichukua kofia na ndizi, akaenda ziwani.

Alirudi kabla chai haijapoa. Feni ilikuwa imezimika palepale katikati, na alikuwa amejivuta kwa kasia kwa mkono mmoja. Aliketi mchangani, mgongo kwetu. Kisogo kile nilikizoea. Nilikijua kikiwa na hasira, nilikijua kikiwa kimeshiba. Siku ile kilikuwa kimeinama mpaka kola ya shati imesimama peke yake. Niliumia. Hasira niliyokuwa nayo juu ya feni ikanipanda upya, safari hii kwa niaba yake.

"Mama," nilimwambia mama mkwe, "kitu hiki siwezi kukipima nchi kavu. Kinaumwa kikiwa kazini. Lazima mtu akae na mita ndani ya mtumbwi wakati baba anaendesha."

"Mtu gani?"

Mama mkwe akanitazama, akatazama ule mtumbwi, akanitazama tena.

"Mimi sipandi feni," akasema.

Akamwendea mumewe. Walizungumza Kinyakyusa kirefu, na mimi nilishika neno moja moja, mengine nikayasoma kwenye mikono ya mama. Mwishowe akarudi akifuta mchanga miguuni.

"Anasema atatazama milima."

Hivyo ndivyo nilivyopanda chombo kimoja na baba mkwe wangu. Mimi mbele kabisa, mgongo kwake, kanga kichwani, betri kati ya magoti, mita mkononi. Yeye nyuma na feni yake, anatazama milima kwa bidii zote. Tulipoacha ufukwe ndipo nilipokumbuka kwamba mkalimani wetu amebaki nchi kavu.

Kisha nikasikia sauti nyuma yangu ikiliambia ziwa, "Sasa tumefika kwenye maji mengi."

Nikaelewa utaratibu mpya. "Betri," nikaiambia betri, "ungekuwa na akili ungeomba tuongezewe kasi."

Kasi ikaongezwa. Mtumbwi ukajitahidi. Nikabana vishikio vya mita kwenye vichwa vya betri, ikasoma kumi na mbili na kidogo. Tukaendelea, na katikati ya ghuba, kama kawaida yake, sauti ya mota ikaanza kushuka.

"Inachoka," ziwa likaambiwa.

Nikatazama mita. Kumi na mbili na kidogo, vilevile. Betri ilikuwa na umeme tele, mota ilikuwa inakufa njaa. Niliweka kiganja kwenye waya pale ulipotoka kwenye betri na nikautoa haraka. Ulikuwa wa moto. Nikaufuata kwa ncha za vidole, nikijivuta kinyumenyume kwa makalio kwa sababu kugeuka siruhusiwi, na kadiri nilivyorudi nyuma ndivyo moto ulivyozidi, mpaka nikashika kiungo cha mume wangu. Tepu ilikuwa inayeyuka. Nikapiga kelele neno la Kihehe ambalo sitaliandika hapa, na nashukuru mzee hajui Kihehe.

Nikakaa nikinyonya kidole na kufikiri. Miezi yote ile nilikuwa naisaka feni, betri, jua na jirani, na mgonjwa alikuwa waya. Waya wa taa ya uani hauwezi kazi ya mota. Ukiupitishia umeme mwingi unapata moto, na ukiurefusha ndiyo kabisa, umeme unaishia njiani. Mchangani mapanga yanazunguka hewani bila kusukuma kitu, kwa hiyo kila kitu kinapendeza. Betri ilikuwa mbele kwa ajili yangu, mota ilikuwa nyuma kwa ajili yake, na kati yetu ule waya. Tungeutafuta waya mnene Mbeya, ufike wiki inayofuata. Au betri irudi chini ya kiti chake sasa hivi, na mimi ndiye nimpelekee.

"Betri," nikasema, "inabidi urudi ulikotoka. Karibu na mota."

Nyuma yangu mota ikazimwa. Upepo ulikuwa umeanza kutusukuma taratibu kuelekea nyumbani, na mtumbwi unageuka ubavu. Nilidhani amekasirika. Kisha akaliambia ziwa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikipita kwenye ukuta wa jiko, "Dada yangu hajala."

Nikavua kanga kichwani, nikaipitisha kwenye mshikio wa betri, nikageuka.

Alikuwa na sura ya mume wangu, yenye nyusi nyeupe. Hakuwa anatazama milima. Niliinama, nikaenda hatua fupi fupi na ule uzito huku mtumbwi ukiyumba, na nilipokaribia akanyoosha mkono wake mzima akaushika mshikio. Mikono yetu ikawa kwenye kitu kimoja.

"Polepole," akasema. "Isikuangukie mguu."

Hakuliambia ziwa. Aliniambia mimi.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Nilikata kazi ya mume wangu kwa kisu cha samaki na kuacha ule waya mfupi mnene wa kiwandani. Sikuwa na kitu cha kuubana kwenye betri, kwa hiyo nikauzungusha kwenye vichwa na kuushikilia kwa pindo la kanga, nimechuchumaa miguuni pake, mahali ambapo bibi zangu wakwe wote wangezimia kuniona. Akawasha. Mtumbwi ukaruka mbele, nikakalia ndizi.

"Ah!" akasema baba mkwe.

Tulivuka ghuba bila kupumzika. Kila baada ya muda aliuliza, "Waya una moto?" nami nikajibu, "Hauna moto, baba." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote, na sikumbuki mazungumzo mengine niliyoyafurahia kiasi kile.

Shangazi alikuwa amewekwa juani, ameegemea ukuta, katikati ya vyungu vinavyokauka. Alikinga macho kwa kiganja akatutazama tunapanda, kaka yake mbele na mimi nyuma yake kwa karibu kuliko inavyoruhusiwa, kanga kiunoni, mikono myeusi, ndizi zimenichafua sketi.

"Huyo uliyekuja naye," akasema, "si mke wa mwanao huyo?"

Baba mkwe alisimama. Nilimwona anavyotafuta jibu, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma kwa ajili ya mila yake mwenyewe.

"Ni fundi," akasema.

Shangazi akanikagua kuanzia miguuni hadi kichwani. "Ndaga, fundi," akanishukuru kwa Kinyakyusa, kisha akageukia mambo ya maana na kuuliza ziko wapi ndizi. Alikula zile zilizopona. Halafu wakagombana, sijui kuhusu nini, kwa muda mrefu na kwa raha zao.

Tuliporudi, kila mtu alirudi mahali pake. Baba mkwe alinipa kisogo kabla hata mtumbwi haujagusa mchanga. Mama mkwe alinivuta jikoni akitaka kujua alisema nini, nikamjibu kwamba mimi na betri tulizungumza, na yeye na ziwa. Hakuridhika. Mume wangu aliuliza kwenye kundi la familia ni nani amekata waya wake. Nilimwekea kidole gumba.

Hatukuonana tena uso kwa uso. Akipita, nilipisha. Lakini betri ilibaki chini ya kiti chake, na kila nilipofika kijijini mzee alikuwa na safari ya ghafla ya kwenda shambani, kiti kikaachwa wazi na kisu cha samaki juu yake. Nikisafisha vichwa na kukaza waya, akirudi anakohoa. Jikoni nako ripoti zilibadilika kidogo. Zamani ilikuwa mwambie mke wa mwanao. Sasa ikawa, "Mwambie fundi, wiki hii nimekwenda na kurudi." Mama mkwe ananirudishia hivyo hivyo, bila kurekebisha.

Alivuka hivyo msimu mzima wa kiangazi na mvua za mwanzo.

Asubuhi moja nilikuwa dukani kwangu Mbalizi, natoa fotokopi za vyeti vya mtu, simu ikaita. Ilikuwa namba ya baba mkwe. Namba ile huitumia mama mkwe kunipigia akiishiwa salio kwenye simu yake, kwa hiyo nikapokea nikisema shikamoo mama.

"Fundi," ikasema ile sauti.

Nikaweka vyeti mezani. "Abee, baba."

"Dada amekwenda."

Nikalia palepale, mbele ya mteja. Yeye alingoja. Nilisikia anavyopumua, na hapakuwa na mtu katikati wa kunieleza maana yake.

"Nataka nifike kwa mtumbwi wangu mwenyewe," akasema baadaye. "Njoo na kile kipimo. Utakaa palepale."

"Pale mbele, baba?"

"Palepale," akasema. "Kwenye betri."

Nikamrudishia mteja vyeti vyake, nikatia mita kwenye mkoba, na nguo za msiba nikazifuata nyumbani.